Kabla ya Kushusha Sululu

Vijana mliokuwa mnachimba pale Shangani juzi jioni, mlinicheka, na mlikuwa na haki ya kucheka. Mzee mzima, kandambili miguuni, natembea zangu kupunga upepo kama alivyoniagiza daktari, ghafla napiga kelele, "Simama! Simama hapo hapo!" utadhani nimeona swila. Yule mwenye sululu aliishusha taratibu akaniuliza, "Babu, umepoteza kitu?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikawaambia mimi sijapoteza kitu, ila nyinyi mko mbioni kupoteza maji ya mtaa mzima. Mkanipa ndoo nikaikalia, tukaongea mpaka giza likaingia, mkaniomba niwaandikie yale niliyowaambia. Basi ndiyo haya. Msitegemee mpangilio, maana hata kazi yenyewe haikunijia kwa mpangilio.

Mliniuliza nilijuaje kwamba bomba liko chini ya miguu yenu. Hakukuwa na uchawi. Nyuma yenu palikuwa na mfuniko wa chemba umezama nusu kwenye mchanga, na mbele yenu, karibu na ule ukuta wa bluu, palikuwa na mfuniko mwingine. Vuta kamba kwa macho kutoka mfuniko hadi mfuniko, utaona inapita katikati ya miguu ya rafiki yenu. Mlikuwa na haraka ya kulaza waya wenu wa intaneti, kwa hiyo mlitazama chini tu. Mtu akitaka kujua kilichopo chini huanza kwa kutazama juu na pembeni.

Nimefanya kazi ya mabomba ya maji hapa Mtwara tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na watu wengi bado wanadhani kazi yangu ilikuwa kuchimba. Kuchimba huja mwisho. Kazi yenyewe ni kujua kilicholala humo kabla hujakigusa: bomba la zamani, waya wa umeme, siku hizi na bomba la gesi, shimo la choo lililofukiwa, kisima ambacho waliokijua wameshakufa. Mke wangu husema naweza kuona bomba lililo chini ya lami lakini sioni kikombe cha chai alichokiweka mbele yangu. Anasema kweli. Kikombe hakiachi alama.

Bomba huacha alama. Tembea kwanza, mikono nyuma kama mwenye shamba. Tazama nguzo ya umeme ambayo waya wake unashuka ukaingia ardhini. Tazama mita za nyumba zimeelekea wapi. Wakati wa kiangazi tazama mstari wa majani mabichi pasipo na mto, hapo kuna maji yanavuja polepole. Tazama rangi ya udongo. Udongo uliowahi kuchimbwa haurudi tena kama ulivyokuwa. Wa chini unachanganyika na wa juu, hukaa umelegea, mvua ikinyesha unatitia. Utaufukia, utaukanyaga, utapanda na muhogo juu yake, lakini hautasahau.

Msiamini sana vigingi. Vile vigingi vya zege tunavyosimika juu ya bomba ni mashahidi wazuri, ila shahidi huweza kuhamishwa. Njia ya kwenda Naliendele tuliwahi kufuata vigingi vizuri kabisa, kimoja baada ya kingine, mpaka mstari ukakata kona na kuishia jikoni kwa mtu. Vitatu vilikuwa mafiga, na juu yake chungu cha kunde kinachemka.

"Mama, mawe haya umeyatoa wapi?"

"Yalikuwa yamesimama tu porini, baba, hayana mwenyewe. Karibuni, kunde zinaiva."

Tulikula kunde. Kisha tukaenda kulitafuta bomba kwa njia nyingine, matumbo yakiwa yameshiba na hasira zimetutoka.

Aliyenifundisha hizo njia nyingine ni Mzee Ernesto, Mungu amlaze mahali pema. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa mto akiwa mgongoni kwa mama yake, na Kiswahili chake kilitembea na Kimakonde bega kwa bega mpaka mwisho. Siku ya kwanza aliponiona narusha sululu kwa mbwembwe, ili wasichana waliokuwa wakipita wanione, alikaa pembeni akaniacha mpaka nikachoka. Halafu akaniuliza, "Wewe, mama yako hajakupeleka kuchimba ming'oko?"

Nyinyi ming'oko mnaijua ikiwa imeshachemshwa, iko kwenye sinia na chumvi na pilipili. Sisi tuliifuata porini. Unatafuta kamba yake, ule mmea unaojisokota kwenye vichaka, unaufuata mpaka unapoingia ardhini. Hapo mjinga hushusha jembe. Akishusha tu, mzizi unakatika, nusu inabaki chini na nusu inajaa mchanga. Mama zetu walikuwa wakifungua shimo pembeni, si juu yake, wakishuka kidogo wakatupa jembe na kuingiza mikono, wakiufuata mzizi polepole mpaka utoke mzima.

"Ndiyo bomba hilo," alisema Mzee Ernesto. "Jembe kazi yake kufungua mlango. Ndani unaingia na mikono."

Basi nilijifunza ufundi bomba kwa mama zangu wachimba ming'oko. Ukishajua bomba liko karibu, sululu iweke mbali kabisa, hata usiione. Chukua beleshi, chimba kando, kisha njoo ubavuni taratibu. Mzee Ernesto alinifundisha pia kuchoma ardhi kwa fimbo ya chuma, si kwa nguvu, kwa kusikiliza: jiwe linakataa, bomba la chuma linaitikia, la plastiki linanesa kidogo kama nyama ya mguu. Lakini penye waya wa umeme fimbo usiiguse, na siku hizi nani ana hakika ya mahali pasipo na waya? Kwa hiyo mashine kwanza.

Mashine zilipokuja sikuzikasirikia kama wazee wenzangu. Ya kwanza ilikuwa ya kutafuta chuma na nyaya. Inalia ikivuka kitu, ila bomba la plastiki inapita juu yake kimya kama haikuliona. Baadaye ikaja ile ya kusukuma, ina magurudumu kama toroli, inapeleka mawimbi chini na kusoma yanavyorudi. Hiyo nilifundishwa na Injinia Neema, binti wa Iringa aliyehamishiwa kwetu. Alikuwa na subira kunishinda mimi. Aliniambia, "Mzee, usitafute picha ya bomba kwenye kioo. Tafuta nyusi." Na kweli, bomba likivukwa huonekana kama unyusi uliokunjwa. Nikafurahi kama mtoto. Wiki nzima nikawa natafuta nyusi za Mtwara.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Somoe wa Mtawanya, maana yeye ndiye aliyenifanya nipige zile kelele juzi.

Tulikuwa tunapeleka bomba jipya upande wa Mtawanya, kwa watu waliokuwa wakifuata maji mbali. Njia fupi ilipita kwenye shamba la mikorosho la Bi Somoe, mjane wa umri kama wangu. Majirani wote walikubali, yeye akakataa. Tuliambiwa ni mkaidi, tusipoteze muda, tuzungukie mbali. Kuzungukia mbali maana yake nyumba za upande wake zingebaki bila maji, pamoja na yake. Mimi na Neema tukaona twende tumsikilize kwanza.

Neema alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatutandikia mkeka na kutuletea korosho za kukaanga. Hakuwa mkaidi hata kidogo. Tulipomaliza kutafuna alisema, "Humu shambani amelala mwanangu."

Alikuwa mtoto wake wa kwanza, Hamisi, alifariki akiwa bado anatambaa. Ilikuwa masika, njia ya kwenda makaburini imejaa maji, ikabidi wamzike humo humo shambani kwa baba mkwe wake, ambaye wote walimwita babu, kando ya mti uliokuwa ukiitwa mkorosho wa babu. Baba yake Bi Somoe alibeba mawe mawili ya tumbawe kutoka ufukweni Mikindani, akayasimika kuwa mashahidi wa kaburi, moja kichwani na moja miguuni. Baadaye Bi Somoe na mumewe wakahamia bonde la Ruvuma kulima mpunga, wakakaa huko miaka mingi. Waliporudi babu alikwisha kufariki, na mawe hayakuonekana.

"Mawe hayapo, lakini mti upo," alisema. "Kila Ijumaa nakaa pale chini ya mkorosho wa babu namsomea Fatiha. Maji nayataka, kaka yangu. Shingo imechoka ndoo. Lakini siwezi kunywa maji yaliyopita juu ya mwanangu."

Neema alimuuliza kwa upole kama angekubali tukipita mbali na mti ule. Alifikiri, akainuka, akatupeleka shambani. Mti wenyewe ulikuwa mzuri, umetanua matawi mpaka yanagusa chini. Akanyoosha mkono upande wa pili, mahali penye uwazi mpana katikati ya mikorosho, uwazi ulionyooka hadi barabarani. "Pitieni pale. Pale hapana kitu."

Njia ilikuwa safi mno. Hakuna mti wa kukata, hakuna mzizi wa kupambana nao. Dereva wa katapila, aliyekuwa akisubiri barabarani, aliuona uwazi ule naye, akawasha mashine yake kwa furaha. Hata mimi nilikwisha kuanza kumshukuru Bi Somoe.

Ila Mzee Ernesto alikuwa na kanuni moja aliyonigombeza nayo mpaka ikaniingia. Alikuwa akisema, "Usiridhike kuambiwa pasipo na kitu. Uliza kitu kilipo." Nikamwambia Bi Somoe, "Dada, kabla sijapita kule, nataka nijue mtoto amelala wapi hasa. Mashine hii haichimbi, inatazama tu. Unaturuhusu?" Akaturuhusu, akarudi kukaa kwenye mkeka, mkono shavuni.

Neema alisukuma ile mashine kuuzunguka mkorosho, akarudia kwa karibu, akarudia kwa mbali. Kwenye kioo mistari ilikuwa imelala sawasawa, moja juu ya nyingine. Akaninong'oneza, "Mzee wangu, hapa hapajachimbwa. Zaidi ya shimo la mche, ardhi hii haijaguswa." Tukatazamana. Nani kati yetu angekwenda kumwambia mama yule?

Kuhusu mawe sikushangaa. Nilizikumbuka zile kunde za Naliendele, nikajua huenda yamekwenda kuwa mafiga. Lakini nimeshawaambia, udongo uliochimbwa hausahau. Mawe yanaweza kuhama, kaburi halihami.

Nikauegemea mti nifikiri vizuri. Kiganja kikagusa uvimbe, chini kabisa shinani, umezunguka kama pete. Gome la chini ya pete lilikuwa la namna moja, la juu namna nyingine. Mtoto yeyote wa mkulima wa korosho hapa kwetu anaijua alama hiyo. Ni alama ya kubebesha, pale kikonyo cha mkorosho bora kinapoungwa kwenye mche. Wazee wa enzi za babu hawakubebesha. Walifukia korosho kwa kisigino wakaenda zao. Mti ule ulitokana na miche ya kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele, iliyokuja baadaye. Usingeweza kuwa umemkuta Hamisi akizikwa.

Nikamwendea. "Dada, ule mkorosho wa babu uliwahi kuugua?"

"Miti yake mingi iliugua wakati mmoja. Alituletea salamu bondeni kwamba anaing'oa, anabadilisha mmoja mmoja."

"Na huu?"

"Huu si ndio mkorosho wa babu."

"Nani alikwambia?"

"Kila mtu anauita hivyo, tangu turu…" Aliona kabla sijasema, na uso wake ulibadilika nikatamani nisingeuliza.

Ndivyo tulivyo sisi, wanangu. Mti ukifa jina lake halifi. Babu alipanda mche mpya, watu wakaurithisha jina kama mjukuu anavyorithi jina la babu yake, na hakuna aliyeona ni habari ya kutangaza. Tena mabwana shamba hushauri mche mpya usipandwe kwenye shimo la mti uliokufa kwa ugonjwa. Babu akatii, akausogeza. Nikaitazama mikorosho mingine. Ilikuwa imesimama kwa safu, imenyooka kama watu kwenye swala, mmoja tu uko nje ya safu, nao ni huu. Na safu ilikuwa na pengo. Nikalifuata pengo kwa macho. Lilikuwa ndani ya uwazi ule ule aliotuonyesha.

Katapila ilikwisha kuingia shambani, mkono umeinuliwa.

Nilikimbia. Magoti yangu haya, nilikimbia nikipunga kofia na kupiga kelele, "Simama! Zima mashine! Zima!" Dereva alisema baadaye alidhani nimevamiwa na nyuki, akakaribia kufunga kioo asiumwe. Alhamdulillahi, alizima kwanza.

Neema akaja na mashine yake, akaisukuma polepole penye pengo. Kwanza likaonekana vurugu la mizizi ya kale, mabaki ya mkorosho wenyewe wa babu. Kando yake mistari ya kioo ikavunjika. Hapakuwa na unyusi wala bomba, ila udongo uliopoteza matabaka yake, kipande kifupi, kimelala mashariki hadi magharibi. Nikamweleza Neema kwamba kwetu kibla ni kaskazini, na maiti hulazwa ubavu akielekea huko, kwa hiyo kaburi hulala hivyo hivyo kama analoliona kwenye kioo. Akairudisha mashine nyuma bila kuambiwa. "Hapa hatuchimbi," akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Lakini kwa mama, kuambiwa kwamba mashine imeona hakutoshi. Nikamwambia Bi Somoe tunaweza kuondoa majani ya juu tu, kwa mikono, tuone kama mawe yapo. Akasema, "Mimi mwenyewe." Akaleta fagio la chelewa, akafagia majani ya mikorosho ya miaka mingi. Kisha akapiga magoti, akaanza kuondoa mchanga kwa vidole, kidogo kidogo. Hakuna aliyemfundisha, naye alikulia kwenye ming'oko. Vidole vyake vikagota kitu cha kukwaruza. Akapangusa. Ilikuwa tumbawe, jeupe, lenye vitundu vitundu, katika udongo mwekundu ambao hauna tumbawe hata la dawa. Lilikuwa halijaibwa wala halijawa figa. Lilikuwa limetitia tu.

Alilifunika kwa kiganja, akakaa hivyo. Dereva alivua kofia.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiusomea mti," alisema.

Nikamwambia tu, "Pole, dada." Alijifuta kwa ncha ya khanga, akautazama ule mkorosho mzuri kule alikozoea kukaa, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Si kitu, fundi. Fatiha haipiti kwenye bomba. Ilikuwa inafika."

Bomba tulilipitisha upande wa pili wa mti uliorithi jina, na sehemu ya karibu tuliichimba kwa beleshi. Dereva hakunung'unika, tena alishuka akashika beleshi naye. Juu ya bomba tulilaza utepe wa tahadhari na waya mwembamba wa shaba, ili siku moja mmoja wenu akipita na mashine, bomba la plastiki limwitikie. Hilo nalo mlishike: unapofukia, mfikirie atakayefukua.

Kwa hiyo mtu akiwaambia "pale hapana kitu", msimwone mwongo. Bi Somoe hakuwa mwongo, na kama kuna mtu aliyetaka kaburi lile liwe salama ni yeye. Wekeni sululu chini, mtembee kidogo, mtazame safu na mapengo. Watu wakiwacheka, chekeni nao. Mimi nimechekwa sana na nimelala usingizi mzuri.

Siku maji yalipofunguliwa Mtawanya, bomba la mtaa lilikuwa kwenye kona ya shamba lake. Wanawake walijaa na ndoo zao, watoto wanasukumana, vigelegele tayari kooni. Kwa heshima wakampa Bi Somoe ndoo ya kwanza. Maji yakakohoa, yakatoka mekundu, kisha meupe. Alijaza, akajitwika, na badala ya kuelekea nyumbani kwake akaingia shambani, mpaka kwenye pengo, ambako alikuwa ameyasimamisha yale mawe mawili, maana la pili nalo lilipatikana, na kupanda mrehani katikati. Akaumwagilia, bila haraka, mpaka ndoo ikaisha. Hakuna aliyesogeza ndoo yake.

Kisha akarudi na ndoo tupu, akaiweka mwisho wa mstari, akatutazama wote tulivyosimama kama tumepigwa ganzi.

"Haya," akasema, "mnangoja nini? Maji yanamwagika."